Ngome Mbili

Raundi ya nne, meza ya saba, maktaba ya Kuldīga.
Viatu vya theluji vimepanga foleni mlangoni
vikitiririsha maji juu ya magazeti ya juzi.
Mimi ni fundi wa lifti. Mikono yangu inanuka grisi
hata Jumamosi, hata nikiisugua kwa limau.
Mbele yangu kaketi Skaidrīte Vanaga, mfamasia,
anawahi kumaliza kipande cha mkate mweusi
kabla mwamuzi hajasema: bonyezeni saa.

e4, akaandika kwa kalamu ya kijani.
e5, nikaandika.
Farasi wake akatoka f3, farasi mwenye adabu zake,
nami nikavuta pumzi, nikamsukuma askari wa f
hatua mbili, kifua wazi,
nyumba ya mfalme ikabaki bila ukuta upande mmoja.

Skaidrīte akainua nyusi. Moja tu.

Ufunguzi huu una jina la nchi yetu.
Ugenini wanatutambua kwa huo,
kama ukoo unavyotambulika kwa mjomba mlevi.
Humu ukumbini hakuna anayeucheza.
Wanajua umeoza; wamesoma mpaka ulipoanzia kuoza.
Lakini kaka yangu Uldis, anayefungasha uyoga kiwandani Ayalandi,
alinifundisha kwa simu, usiku, zamu yake ikiendelea,
mashine zikikoroma nyuma yake:
“Usiogope, Guntar. Toa kwanza, utapewa.”

Basi nikatoa.
Askofu wake, c4. Nikala e4. Farasi wake akala e5.
Malkia wangu akatoka mapema mno, hadi g5,
mgeni aliyefika karamuni wenyeji wangali wanafagia,
na kabla hajakaribishwa akammeza askari wa g2.

“Shaha,” akasema Skaidrīte, kwa sauti ya kusomea mtu dozi.
Nikaziba. “Shaha.” Tena.
Mfalme wangu akasogea d8,
miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi.

Lakini ngome ile! Pale pembeni, h1!
Nikaila, masikio yakiniwaka.
Mfalme wake akapanda e2, hana paa, hana haraka.
Na askofu wa c1, mbona kakaa peke yake?
Nikamla.

Ndipo farasi wake akaingia jikoni kwangu, f7,
akavunja sahani, akala ngome yangu, akatoka,
akarudi palepale f7 kama aliyesahau kofia.
Shaha, shaha, shaha.
Kisha kimya.
Farasi wa pili, c3. Hakusema kitu.
Akafungua chupa ya chai, mvuke ukapanda hadi kwenye miwani yake.

Nilikuwa na dakika hamsini na mbili.
Nilitumia nne.
Ngome ya pili ilikuwa a1, nono, haina mwenyewe.

Aliyesema tamaa mbele, mauti nyuma
sijui alikuwa akitazama nini,
lakini mimi nilikuwa nautazama ubao:
malkia wangu kule mbele kabisa, kona ya mwisho,
mdomo umejaa, hawezi hata kuita;
na huku nyuma farasi wawili, bega kwa bega,
wakimsubiri malkia wao aje kufunga mlango.
Alikuja. e8. Hatua ya kumi na saba.
Meza ya nane walikuwa bado hawajala hata askari mmoja.

Tukapeana mikono. Akanusa grisi, hakusema.
Akarudisha kete nyuma, upesi,
kama anayerudisha vidonge kwenye chupa.
“Hapa,” akasema. “Hatua ya tisa. Askari wa c,
mraba mmoja. Basi.
Ungemfungulia mfalme mlango wa uani.”

Nje, theluji ilikuwa imefunika madirisha ya gari.
Nikapiga simu kabla sijakwangua kioo.
“Umeshinda?”
“Nimekula ngome mbili.”
Mashine zikakoroma.
“Zote mbili?” akauliza Uldis,
na sauti yake ilikuwa na njaa.